Anakataa Kula

Mama yangu alishinda na njaa miezi minne ndani ya nyumba safi yenye sakafu inayong'aa, na mimi bintiye nilikuwa nikimtembelea Jumapili mbili kila mwezi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na kwa sababu najua haya yatasomwa na mtu mwenye mzazi kama wangu, ambaye ameanza kuulizia nyumba kama ile. Uliza, sikukatazi. Lakini kaa kwanza nikusimulie.

Mama aliitwa Dorka, mjane wa Uriri. Ugonjwa ulimwanza msimu wa kupanda. Jumatatu alipanda mahindi, Jumatano akapanda tena juu ya yaleyale, na Ijumaa nilipokuja kumsalimu nikamkuta ameinama kwenye mistari ileile, akinung'unika kwamba majirani wote wamepanda isipokuwa yeye. Tulicheka. Naona haya kuandika, lakini tulicheka, na hadithi ile nikaenda nayo hadi kwangu Rodi Kopany nikawachekesha watu wa nyumbani.

Kilichofuata kupotea ni Kiswahili chake. Miaka ishirini Mama alikuwa ameuza njugu na simsim katika soko la Migori, na Kiswahili chake cha sokoni kilikuwa kikali kuliko changu cha shule. Wenye maduka wa Kiislamu pale mjini walimwita shangazi na kumwogopa kwenye bei. Sasa ukimsemesha Kiswahili alikutazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri mtu wa kumfasiria. Kikabaki Dholuo, lugha yetu Wajaluo, peke yake, nacho kikawa kinavuja.

Benchi letu la kwanza la hospitali lilikuwa Migori. Tulikaa tangu asubuhi hadi watu wa zamu wakarudi kutoka kula, Mama akivua kitambaa cha kichwa na kukifunga, akivua na kukifunga. Daktari alipomuuliza huu ni mwaka gani, Mama naye akamuuliza ni mtoto wa nani. Tukarudi na vidonge vya malaria. Mvua za vuli zikatukuta kwenye benchi la pili, tukapata sindano za kuongeza nguvu. Wakati wa mavuno watu wa kanisa walikuja wakamwombea, na shangazi yangu akasema hii ni chira, yaani mkosi unaomwandama mtu aliyevunja mwiko, tutafute ni mwiko gani. Benchi la tatu lilikuwa Homa Bay. Pale daktari mmoja mwanamke alimshika Mama mkono muda mrefu, kisha akaniambia, "Ni ugonjwa wa kusahau. Dawa sina. Ninyi mtunzeni tu." Namshukuru mpaka leo kwa kutonidanganya.

Kumtunza, sawa. Lakini wapi? Kaka yangu Ouma, mtoto wa kiume wa pekee, alikuwa na kazi Nakuru na mke asiyetaka kusikia habari za kijijini. Tukamwachia Mama msichana wa jirani wa kumpikia. Siku moja msichana alienda mtoni, na aliporudi Mama hakuwepo. Alipatikana siku ya tatu ndani ya miwa, na wakata miwa, nyayo zimechanika, akiwaambia anaenda kwao kwa mama yake. Mama yake alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa.

Utasema, kwa nini hukumchukua kwako? Basi wewe si wa kwetu. Kwetu mama mkwe, tunayemwita maro, halali katika boma la mkwewe. Siyo chuki, ni heshima, na ni heshima kali. Mume wangu, Baba Achieng, ni mwalimu, ana shahada ukutani, na bado aliniambia akitazama chini, "Mama Achieng, unajua mimi nampenda mama yako. Lakini hawezi kulala hapa. Wazee nitawaambia nini?" Nilijua anasema kweli. Siku zote alizokwenda Uriri kuwasalimu wakwe, Mama alimwandalia kuku, akamtengea meza, halafu akatoweka jikoni mpaka mkwe aage. Miaka kumi na tano ya ndoa yangu, wale wawili hawakuwahi kuonana wakitafuna.

Ndipo Ouma akaandika barua kwamba amesikia kuna nyumba ya wazee Homa Bay, ya watu wa dini, inayopokea hata waliochanganyikiwa. Alikuwa na haraka sana yule. Alikuja mwenyewe, akatia sahihi karatasi, akapiga picha na Mama kwenye veranda, ziwa likionekana nyuma likiwa kijani kwa gugu maji, na jioni ileile akarudi Nakuru akiwa mtoto mwema.

Jina la nyumba ile silitaji. Matroni alitutembeza. Sakafu ilinukia dawa, vitanda vilitandikwa mashuka meupe, na ukutani kulikuwa na masharti kumi na manne. Kutembelea ni Jumapili mbili kwa mwezi, ili wagonjwa wazoee. Wahudumu wazungumze Kiswahili wakati wote, kwa sababu Matroni hakuwa wa huku na alitaka kuelewa kinachosemwa. Wanaume ndio walishe na kuinua wagonjwa, kwa kuwa wana nguvu. Wanawake wafue na kupika. Nilisoma yote kumi na manne. Nikaona ni utaratibu mzuri. Nilichoka, msomaji, na mtu aliyechoka huona kila utaratibu ni mzuri.

Jumapili ya kwanza nilimkuta amenyolewa. Nguo aliyovaa haikuwa yake. Nguo zote zilifuliwa pamoja na kuvalishwa yeyote iliyemtosha. Gauni lake la samawati, la kwenda kanisani, nililiona kwa bibi mwingine upande wa pili wa ukumbi. Kiunoni alikuwa amefungwa shuka, fundo likiwa nyuma ya kiti.

"Ni ili asianguke," Matroni akaniambia.

"Mama yangu alikuwa anabeba gunia la njugu kichwani."

"Hiyo ilikuwa zamani, mama. Sasa ni mgonjwa."

Leso tu ndiyo waliyomwachia, kwa sababu kila walipoivuta alipiga kelele.

Mwezi wa pili mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Walimpima kwenye mzani mbele yangu, wakaandika kwenye faili, na nikasoma kwa kichwa kilichopinduka: anakataa kula. Faili lote lilikuwa hivyo. Asubuhi anakataa. Mchana anakataa. Kuna mahali mtu aliandika "mkaidi" na kupigia mstari.

"Hawa wote hufika hapo," Matroni alisema. "Ubongo unasahau njaa. Usijilaumu."

Akaletewa vidonge vya kutia hamu ya chakula. Akalazwa siku tatu hospitalini akitiwa maji ya mshipani, na huko, muuguzi mmoja wa kike, mnene, aliyekuwa akimwita "nyathina", mtoto wangu, yaani mtu mzima akimwita bibi kizee mtoto wake, alimlisha uji bakuli mbili bila taabu. Nilimweleza Matroni. Akasema hospitali kuna sindano, ndizo zilizompa hamu. Na mimi niliyemwona kwa macho yangu akila, nikakubali kwamba ni sindano.

Aliyekuwa akimlisha pale kwenye nyumba ya wazee ni mhudumu aliyeitwa Wafula. Sina neno baya la kumsema. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole, anavaa koti jeupe refu kama la walimu, na alikuwa na wazee kumi na wawili wa kulisha kabla ya saa sita, maana mpishi alitaka vyombo vyake mapema. Aliketi mbele ya Mama na sahani. Mama aligeuza uso. Alihamia upande ule, Mama akageuka upande huu. Kijiko kikifika mdomoni, meno yakafungwa.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu nilifika wakati wa chakula. Wafula alikuwa amekata tamaa, jasho linamtoka.

"Mama Achieng, afadhali umekuja. Huyu mama amenishinda. Nisaidie, umshike hizo mkono."

Na mimi nikamshika. Nilipiga magoti nyuma ya kiti, nikashika mikono ya mama yangu yote miwili, ile iliyonipalilia na kunisuka, nikaibana kwenye mbao za kiti, na nikamwambia kwa Dholuo, kwa sauti ya ukali ambayo hata watoto wangu siwapigii, "Kula! Utakula leo!" Wafula akaingiza kijiko. Mama alinitazama. Uji ulitoka puani. Machozi yakamtoka, nami nikasema moyoni, angalau kimeingia kidogo.

Nilienda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba leo amekula.

Jumapili iliyofuata, mvua za vuli zilikuwa zimeanza na wageni tukasogezwa ndani. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kando ya Mama, ametulia kabisa, anahesabu vidole vyangu, mlango ulipofunguliwa na Wafula akaingia kutoka kwenye mvua na sinia. Mama alishtuka. Akavuta leso ikafunika kichwa chote, akainama, akanigeukia na kunong'ona kwa haraka, kwa Dholuo safi ambacho sikuwa nimekisikia kwake kwa nusu mwaka, "Mkwe amefika na hakuna aliyemtengea kiti. Nifungue hiki kitu niende jikoni. Anione nikiwa hivi?"

Nilimtazama Wafula. Mrefu, mwembamba, koti refu la mwalimu. Alikuwa mume wangu mtupu.

Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Nimekwisha kueleza kuhusu kulala; na hili la kula ndilo la kwanza kabisa, binti hulijua kabla hajaota matiti. Mama alikuwa amesahau mwaka, mji, kifo cha mama yake na majina ya wanawe. Hilo hakulisahau. Mara tatu kwa siku walimfunga kwenye kiti, kichwa kimenyolewa, akiwa na gauni la mtu mwingine, wakamleta mkwewe amlishe kwa mkono wake. Angefungua mdomo vipi? Na mimi binti yake, niliyezaliwa ndani ya mila hiyo, niliyempeleka kwenye nyumba ile kwa sababu ya mila hiyohiyo, ndiye niliyemshika mikono.

Nilisimama.

"Wafula, weka sahani kwenye mapaja yake. Halafu geuka utazame mlango."

"Atamwaga."

"Amwage. Geuka."

Akageuka. Nami nikamlegezea Mama fundo. Kwa muda hakuna kilichotokea isipokuwa mvua juu ya mabati. Kisha leso ikasogea. Mkono ukatoka chini yake, ukamega ugali, ukachovya kwenye mboga, ukarudi ndani. Alikula kimya na kwa haraka, kama mtu anayekula kwa wizi. Alimaliza ugali, akamaliza mboga, akalamba vidole, akafuta sahani kwa kiganja.

Wafula alipogeuka na kuona sahani, alikaa kitini polepole. Nilimweleza.

"Kumbe ni heshima," alisema. Akajishika paji la uso. "Dada, hata kwetu iko. Mama ya bibi yangu hawezi kula mahali niko. Hata tukikutana kwa njia yeye anaingia kwa majani. Lakini mimi niliona tu mgonjwa. Sikuona ni mama mkwe ya mtu."

Hakuna aliyenieleza ugonjwa ule vizuri kuliko Wafula siku ile, pamoja na madaktari wote wa mabenchi matatu.

Nilikwenda kwa Matroni nikiwa na furaha kama mjinga. Nilimwomba jambo moja: Mama alishwe na mwanamke, na kama haiwezekani, mhudumu aweke sahani na kumgeuzia mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amefumbata mikono juu ya lile faili.

"Mama Achieng, nikianza kufuata mila ya kila kabila hapa, nani atafua nguo? Na mhudumu kumpa mgonjwa mgongo ni utovu wa kazi. Mkaguzi akipita atasema nini?"

"Atasema mgonjwa anakula."

"Hapa tuna utaratibu."

Nilimwomba basi aandike tu kwenye faili kwamba leo amekula. Alisema faili huandikwa na wahudumu.

Wafula aliendelea kumgeuzia mgongo kwa siri, na siku zile chache mashavu ya Mama yakaanza kurudi. Kisha mtu akamshtaki. Jumapili iliyofuata nilimkuta Wafula langoni, amevaa koti la mvua la mlinzi, anaandika majina ya wageni.

"Wamenitoa huko ndani," alisema bila kuniangalia. "Mama Achieng, ingia haraka."

Mlishaji mpya alikuwa kijana mrefu vilevile, kwenye koti lilelile. Mama alikuwa kitini. Safari hii hawakufunga kiuno tu. Mikono nayo ilikuwa imefungwa kwa vitambaa kwenye mbao za kiti, mahali palepale nilipoibana mimi, na ngozi ya vifundo vya mikono ilikuwa imechubuka ikawa nyekundu. Mdomoni pembeni palikuwa na jeraha la kijiko.

Sikupiga kelele. Nilifungua vitambaa, kimoja kimoja. Nikamfunika leso yake. Matroni akanifuata ukumbini akisema mgonjwa hatoki bila sahihi ya aliyemleta, na aliyemleta ni kaka yangu, na kaka yangu apigiwe simu kwanza, na posta hufungwa Jumapili, kwa hiyo Jumatatu. Nilimjibu kwamba Jumatatu mama yangu atakuwa anakula. Upande wa pili wa ukumbi yule bibi wa gauni la samawati alitupungia mkono. Ningependa kusema nilikumbuka kulidai gauni. Sikukumbuka.

Tulitembea hadi langoni, Mama akiniegemea, mwepesi kama mtoto wa darasa la pili. Matroni akapaza sauti kutoka veranda, "Mlinzi! Funga hiyo lango!"

Wafula alitutazama. Akatazama veranda. Akavuta komeo, lango likafunguka, kisha akageuka taratibu akatupa mgongo, akasimama akilitazama ziwa kama mtu anayehesabu mitumbwi. Mama alipita nyuma yake akiwa ameinama, leso usoni, kama inavyompasa mama mkwe. Nilisikia baadaye kwamba Wafula alifukuzwa kesho yake. Nilimtafuta Homa Bay na Oyugis ili nimshukuru, sikumpata.

Nilimrudisha Mama Uriri, ndani ya nyumba yake, nami nikahamia huko. Baba Achieng akabaki na watoto Rodi Kopany. Msimu wa kupanda ulipofika, mama mkwe wangu alituma neno kwamba boma lisilo na mwanamke halitoi mbegu, yaani haliwezi kuanza kupanda, na kama nimeolewa na mama yangu niseme. Nilikwenda siku moja, nikapanda, nikarudi Uriri jioni ileile na udongo kwenye kucha. Mume wangu naye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi alikuja na sukari na sabuni, akaketi nje chini ya ukingo wa paa, mgongo kwa mlango, akaongea na mimi akitazama barabara. Mama alikula ndani. Hizo ndizo rehema nilizopata, nazo sizidharau.

Aliishi miezi saba. Alikufa mahindi yakiwa bado yanachomwa mabichi, kitandani kwake, ameshiba. Ouma alilia sana mazishini na akahutubu vizuri. Nyumba ile ya wazee ilituma barua ya rambirambi kwamba Mama alikuwa mgonjwa mtulivu na aliyependwa na wahudumu wote. Naitunza barua hiyo. Siku nikikosa hasira huisoma.

Wewe unayempeleka mzazi wako, peleka na habari zake. Usiwape jina na umri peke yake. Waambie anamwogopa nani, anamheshimu nani, anakula mbele ya nani, anavua nguo mbele ya nani. Waambie mara mbili. Na ukiambiwa anakataa kula, usimshike kwanza. Tazama anayemlisha.

Maana sijamaliza kusema. Siku ya kwanza Uriri, nilimpikia samaki na ugali, nikaketi mbele yake. Hapakuwa na mwanamume hata mmoja nyumbani. Nilijua sasa tumepona. Nikamega tonge, nikanyoosha mkono nimlishe, na Mama akaificha mikono yake chini ya leso, yote miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani. Jina langu hakulijua tena. Hakujua yuko kwake. Mikono yangu aliijua.

Kwa hiyo niliweka sahani kwenye mkeka. Nikageuka nikatazama mlango, na miezi ile saba sikupata kumwona mama yangu akila, nilimsikia tu.